Nyumba Yenye Duka: Usanifu wa Mbao wa Gujarat na Urithi Wake Katika Miji Yetu



Tunapoadhimisha umri wa hekalu letu, ni desturi kusimulia habari za walioliasisi na waliolichangia. Mimi nimeona nisimulie habari za jengo jingine, ambalo lilitangulia hekalu katika karibu kila mji wa Afrika Mashariki ambamo watu wa Gujarat walifikia. Jengo hilo ni nyumba yenye duka. Kabla hakijapatikana kiwanja cha hekalu, palikuwa na duka. Nyuma ya duka palikuwa na chumba. Na ndani ya chumba palikuwa na rafu ya mbao yenye sanamu ndogo na taa ya samli. Wazee wetu walianza kusali nyumbani, hatua chache kutoka kwenye mizani na magunia. Anayetaka kulielewa hekalu, basi na aanze na nyumba.

Nyumba hiyo haikubuniwa huku. Asili yake ni Gujarat, magharibi mwa India, na mifano yake iliyo kamili inapatikana katika mji wa kale wa Ahmedabad. Katika makala haya nitaeleza jinsi nyumba ya mbao ya Ahmedabad ilivyojengwa na sababu ya kusimama kwake muda mrefu. Kisha nitaonyesha yale ambayo wazee wetu waliyabeba walipovuka bahari, na yale waliyojifunza kwa mafundi wa huku. Mwisho nitasema neno juu ya nyumba chache zilizobaki, kwa kuwa uamuzi juu yake sasa umo mikononi mwetu.

MJI WA VICHOCHORO NA MALANGO

Ahmedabad uliasisiwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah, kando ya mto Sabarmati. Ndani ya kuta zake watu waliishi katika mitaa midogo iitwayo pol. Pol ni kichochoro chenye lango, ambalo zamani lilifungwa usiku. Ndani yake mna nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta, mahali pa ibada, kisima, na mlingoti ulionakshiwa uitwao chabutro, ambao juu yake huwekwa nafaka kwa ajili ya ndege. Mji wenye njia nyembamba kiasi kile ulitenga nafasi hata kwa njiwa na kasuku.

Pol nyingi zilikaliwa na watu wa kazi moja, wa tabaka moja au wa dini moja. Wahindu, Wajaini na Waislamu walikuwa na pol zao. Hata hivyo, ukitoka katika pol moja ukaingia nyingine, huoni tofauti kubwa katika ujenzi, kwa maana wote walijengewa kwa utaalamu mmoja. Jambo hilo lilitajwa pia pale mji huo wa kale ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2017, ukiwa mji wa kwanza wa India kupata heshima hiyo.

Sehemu nyingine za mji zilikuwa za biashara. Manek Chowk ni maarufu kwa masonara, na Ratan Pol kwa wauza nguo. Huko nyumba ilikuwa na kazi mbili: chini biashara, juu familia. Upande wa mbele ulikuwa mwembamba, kwa sababu kila mfanyabiashara alitaka sehemu yake ya barabara. Lakini kwa ndani nyumba ilikwenda mbali, chumba baada ya chumba.

MBAO NDIZO MIFUPA

Ardhi ya Ahmedabad ni tambarare ya mchanga na udongo ulioletwa na mto. Udongo wa matofali uko tele, ila mawe mazuri ya kujengea hutoka mbali. Mbao nazo zililetwa: kutoka misitu ya Dang kusini mwa Gujarat, kutoka pwani ya Malabar, na kutoka Burma kwa njia ya bahari. Mti uliopendwa kuliko yote ni ule ambao Wagujarati huuita saag, nasi kwa Kiswahili tunauita msaji. Sikio lolote litatambua kwamba majina hayo mawili ni ndugu. Msaji una mafuta ya asili ndani yake. Mchwa hauupendi, na maji hayauozeshi upesi.

Mtu akiitazama nyumba hiyo kutoka nje, hudhani kwamba ni nyumba ya matofali iliyopambwa kwa mbao. Kwa kweli ni kinyume chake. Mbao ndizo mifupa, na matofali ni nyama.

Nguzo za mbele na zile zinazouzunguka ua wa ndani ni za msaji. Kila nguzo husimama juu ya kitako cha jiwe, ili mguu wake usinywe unyevu wa ardhi wala usiwe ngazi ya mchwa. Kichwani mwa nguzo huwekwa mkono wa mbao uliopinda kama kiwiko, nao huupokea mhimili. Juu ya mhimili hulazwa boriti, na juu ya boriti hupangwa mbao za sakafu. Ndani ya kuta za matofali nako hulazwa miti mirefu, safu baada ya safu: usawa wa sakafu, usawa wa chini ya madirisha, na usawa wa juu ya milango. Miti hiyo huufunga ukuta kama mshipi ufungavyo kiuno.

Viungo vya mbao havikutegemea misumari. Ncha ya mti mmoja ilichongwa ikawa ulimi, ikaingizwa katika tundu lililotobolewa kwenye mti wa pili, kisha kigingi cha mbao kikapigwa kupita kati ili kuvifunga. Kiungo cha namna hii kina nafasi ndogo ya kucheza. Nyumba ikisukumwa, hujinyonga kidogo na kurudi mahali pake. Ukuta wa zege usio na nondo za kutosha hauna uwezo huo. Ukisukumwa kupita kiasi, huvunjika ghafla.

Ushahidi wa jambo hili ulitolewa kwa gharama kubwa. Tarehe 26 Januari 2001, Siku ya Jamhuri ya India, saa 2:46 asubuhi, tetemeko kubwa la ardhi lilipiga Kutch. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 20,000 walipoteza maisha. Ahmedabad uko zaidi ya kilomita 200 kutoka mahali tetemeko lilipoanzia. Hata hivyo majengo kadhaa ya ghorofa ya zege yaliporomoka huko na kuua mamia ya watu, na baadhi ya majengo hayo yalikuwa mapya. Nyumba za mbao za mji wa kale, nyingi zikiwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja, zilipasuka hapa na pale, lakini sehemu kubwa ilibaki wima. Wahandisi waliokuja kuchunguza walijifunza upya kile ambacho maseremala wa zamani walikuwa wakikijua bila vitabu.

KUTOKA BARAZANI HADI CHUMBA CHA NDANI

Sasa tuingie ndani. Mbele kabisa, kati ya njia na mlango, lipo jukwaa lililoinuliwa hatua moja au mbili kutoka ardhini. Wagujarati huliita otlo. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa hiyo ni baraza yake. Juu ya otlo mwenye nyumba huketi jioni, kina mama huchambua mchele, mchuuzi hutua mzigo wake, na mpita njia hupumzika bila kuuliza ruhusa. Ni sehemu ya nyumba, na papo hapo ni sehemu ya njia.

Neno letu duka linatusaidia hapa. Limetokana na neno la Kiarabu dukkan, ambalo Wahindi pia wanalo kwa matamshi ya dukan. Maana yake ya kale ni jukwaa au benchi la kukalia. Ndipo baadaye likawa na maana ya mahali pa kuuzia. Kwa hiyo duka la kwanza lilikuwa baraza tu: mtu aliketi mbele ya nyumba yake, akapanga bidhaa kando yake, akangoja mnunuzi. Kuta, rafu na kaunta vilikuja baadaye.

Nyuma ya otlo kipo chumba cha mbele, na katika nyumba ya mfanyabiashara hapo ndipo palipokuwa na pedhi. Pedhi ni ofisi ya biashara ya familia. Haikuwa na viti. Palitandikwa godoro jeupe liitwalo gadi, na mwenye mali aliketi juu yake akiwa na kijimeza kifupi na madaftari yenye jalada jekundu. Mpaka leo Mgujarati husema kwamba fulani amekaa kwenye gadi, naye anamaanisha kwamba amerithi biashara.

Baada ya chumba cha mbele unafika chowk, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Chowk ni moyo na mapafu ya nyumba hiyo. Kwa kuwa nyumba zimebanana ubavuni na hazina madirisha pembeni, mwanga wote na hewa yote hushuka kupitia hapo. Hewa ya moto hupanda na kutoka juu, na hewa baridi ya kichochoro huvutwa kuingia kupitia mlango wa mbele. Chini ya chowk limechimbwa tangi la kuhifadhia maji ya mvua, liitwalo tanka, lililopakwa chokaa kwa ndani na kufunikwa vizuri. Maji ya paa huelekezwa humo kwa mabomba, nayo huiwezesha familia kunywa mpaka msimu unaofuata. Kuna kamusi za Kiingereza zinazosema kwamba neno ambalo sisi tumelipokea kama tangi huenda lilianzia katika neno hili la Gujarat.

Baada ya ua kuna ukumbi ulio wazi upande mmoja, jiko, mahali pa mitungi ya maji, na mwisho kabisa chumba cha ndani kiitwacho ordo, chenye giza na ubaridi, ambamo vitu vya thamani huhifadhiwa. Karibu na jiko na maji, mahali palipo safi kuliko pote, huwekwa miungu ya nyumbani. Hivyo nyumba huanza na mtu wa njiani na kuishia kwa Mungu, na mfanyabiashara amekaa katikati.

Mlango nao una mafunzo yake. Katikati ya kizingiti cha juu huchongwa sanamu ya Shri Ganesh, mwondoa vikwazo. Siku za furaha hutundikwa toran, shada la majani ya mwembe. Pande mbili za mlango huandikwa maneno mawili, Labh na Shubh. Labh ni faida, na Shubh ni heri. Huandikwa pamoja ili kila anayeingia kufanya biashara akumbuke kwamba faida isiyo na heri haikukaribishwa. Na kila Diwali madaftari mapya ya hesabu huwekwa mbele ya Lakshmi katika ibada ya Chopda Pujan, ambayo hata sisi katika hekalu letu tunaifanya, ijapokuwa siku hizi wengine huja na kompyuta.

NYUMBA ILIYO HEKALU

Wageni huniuliza mara nyingi kwa nini mahekalu mengine ya Kigujarati hayana mnara, bali yanafanana na nyumba kubwa ya ghorofa. Jibu liko katika neno haveli. Haveli ni nyumba kubwa ya mtu tajiri yenye ua ndani. Wafuasi wa Pushtimarg, njia iliyoasisiwa na Shri Vallabhacharya, huliita hekalu lao haveli, kwa sababu wanaamini kwamba Bwana Krishna anakaa humo kama mwenye nyumba. Huamshwa asubuhi, huvishwa, hulishwa, hupumzishwa adhuhuri na kulazwa usiku. Katika haveli ya Shrinathji huko Nathdwara, waumini hupata darshan mara nane kwa siku kufuatana na ratiba hiyo.

Mfano mwingine ni hekalu la Swaminarayan la Kalupur, ndani ya mji wa kale wa Ahmedabad, lililowekwa wakfu mwaka 1822, Shri Swaminarayan mwenyewe akiwa hai. Nguzo na mikono yake ni ya msaji wa Burma, imenakshiwa na kupakwa rangi za kung'aa. Seremala aliyejua kuchonga nguzo ya nyumba ya muuza nguo alikuwa na ujuzi uleule wa kuchonga nguzo ya hekalu. Mungu alijengewa kama jirani, kwa mti uleule na kwa viungo vilevile.

Sifa ya mafundi hao ilivuka mipaka ya India. Mwaka 1881 msanii wa Marekani, Lockwood de Forest, akishirikiana na Maganbhai Hutheesing wa Ahmedabad, alianzisha karakana ya nakshi za mbao mjini humo. Kazi zao zilipelekwa Marekani, na hadi leo roshani ya msaji iliyochongwa inaonekana katika nyumba aliyojijengea de Forest huko New York, mtaa wa East 10th. Lakini sifa hiyo ilikuwa na upande wake wa pili. Kadiri nakshi zilivyopata bei, ndivyo wenye nyumba wengine baadaye walivyozibandua nguzo na milango wakaviuza kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale. Nyumba iliyong'olewa nguzo haina maisha marefu.

KUVUKA BAHARI

Kutoka bandari za Mandvi, Mundra na Porbandar, majahazi yalifuata pepo za kaskazi hadi pwani yetu kwa karne nyingi. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, idadi ya wafanyabiashara wa Kutch na Kathiawar iliongezeka sana. Walileta vitambaa na shanga, wakapeleka pembe za ndovu na karafuu. Nyumba haipakiwi jahazini. Kinachosafiri ni mazoea ya mjenzi.

Unguja wazee wetu waliwakuta mafundi wenye ujuzi wao wenyewe, tena wa kale. Huko kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, nazo ni nene. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake wa kufaa hauzidi sana mita tatu. Kwa hiyo chumba kikawa chembamba na kirefu. Mgujarati hakuweza kuendelea kujenga kwa mifupa ya mbao, wala hapakuwa na haja. Aliikubali nyumba ya mawe ya Waswahili, akaongeza yale aliyoyazoea.

Aliongeza nini? Kwanza, upande wa mbele wa duka. Nyumba ya Kiswahili ilijificha nyuma ya ukuta wenye mlango mmoja mzito. Nyumba ya Mgujarati ilifunguka barabarani karibu upana wake wote, ikiwa na fremu ya mbao na mbao za mlango zinazokunjwa asubuhi na kukunjuliwa jioni. Tembea Hurumzi, Mkunazini au Soko Muhogo utaona mifano hadi leo. Pili, milango ya vipande vya mraba yenye vifungo vya shaba, ambayo Unguja hujulikana kama milango ya Kigujarati. Tatu, roshani ya mbao inayoning'inia juu ya njia, yenye mikono ileile iliyopinda na pindo la ubao uliotobolewa kama lesi. Jengo la Zahanati ya Kale karibu na bandari linaonyesha kazi hiyo katika kilele chake. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, mfanyabiashara Mwismailia mzaliwa wa Kutch. Alifariki mwaka 1891, na jengo likakamilika mwaka 1894.

Hata lugha ya useremala imebeba alama za maingiliano hayo. Randa tunayosawazishia mbao ni jamaa wa randho ya Kigujarati. Mafundi hao walifanya kazi benchi moja hadi vifaa vikapata jina moja.

MIFUPA YA MBAO YARUDI BARA

Bara mambo yalikuwa tofauti. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, wengi wao kutoka Punjab, na wengi walirejea kwao. Lakini kila kituo kilihitaji duka. Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, alifungua maduka kutoka pwani hadi Uganda, na mamia ya wafanyabiashara wadogo wakafuata.

Huko hapakuwa na matumbawe, wala muda wa kuchoma matofali. Palikuwa na mbao za misitu ya milimani, na palikuwa na mabati yaliyoletwa kwa meli na treni. Hapo nyumba yenye mifupa ya mbao ikazaliwa mara ya pili. Nguzo zilisimikwa, mihimili ikalazwa, na kuta na paa vikafunikwa kwa mabati. Mbele paliachwa veranda yenye nguzo za mbao, kisha duka lenye kaunta, kisha stoo, kisha vyumba vya familia, na nyuma ua wenye jiko, na tangi la bati lililopokea maji ya mvua kutoka paani. Ukilinganisha mpangilio huo na nyumba ya Ahmedabad, utaona kwamba kila kitu kipo mahali pake: otlo, pedhi, chowk, tanka. Nakshi zilipotea, kwa maana fedha hazikuwapo, mpangilio ulibaki.

Nyumba za mabati hazikuwa salama daima. Mwaka 1902, baada ya tauni kuzuka Nairobi, mtaa wa maduka ya Wahindi ulichomwa moto kwa amri ya wakuu wa afya. Wenye maduka walijenga tena. Polepole mabati yakaachia nafasi mawe na matofali, paa zikaezekwa vigae vya Mangalore, ambavyo Basel Mission ilianza kuvifyatua kiwandani huko India mwaka 1865 na ambavyo vilisafirishwa hadi bandari zetu. Kisha likaja zege. Katika mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, ukiinua macho, bado unaona mwaka wa kujengwa umeandikwa juu ya roshani, na chini yake duka.

Tusiisimulie historia hii kwa sifa tupu. Utawala wa kikoloni uligawa miji kwa rangi: mtaa wa Wazungu, mtaa wa Wahindi, mtaa wa Waafrika. Baraza iliyoundwa kwa ajili ya mpita njia ikawa mpaka. Mnunuzi Mwafrika alihudumiwa kwenye kaunta, lakini mara nyingi hakukaribishwa kupita kaunta kuingia uani. Na lango la pol lililofungwa usiku Ahmedabad likapata mwenzake katika mioyo ya watu. Kisha mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilitaifisha majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nayo yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Familia nyingi ziliondoka nchini. Nyingine zikabaki kama wapangaji katika nyumba walizozijenga wazee wao, ghorofa moja na majirani wapya. Wako wanaolikumbuka jambo hilo kwa uchungu, na wako wanaolikumbuka kwa haki yake. Lakini historia ya nyumba zetu inatutaka tuseme pia kwamba kwa mara ya kwanza watoto wa jamii mbalimbali walicheza katika ua mmoja.

NYUMBA ZILIZOBAKI

Leo nyumba hizi zinapungua kila mwaka. Kiwanja cha katikati ya mji kina thamani kuliko nyumba iliyo juu yake, na warithi wako Leicester, Toronto au Dubai. Siwalaumu, nimekuwa mtu wa biashara maisha yangu yote, nami naijua hesabu. Lakini hesabu kamili huandika pia kile kinachopotea. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883 lililokuwa sura ya Unguja, iliporomoka na kuua watu wawili, huku likiwa katika ukarabati. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tukichelewa zaidi, hata nafasi ya kuujenga ukuta huo hatutaipata.

Kinyume chake, Zahanati ya Kale ilikarabatiwa katika miaka ya 1990 na taasisi ya Aga Khan, na roshani zake zimesimama hadi leo. Inawezekana, basi, na kazi ya kwanza si ghali. Adui wa nyumba ya zamani ni maji kabla ya kitu kingine chochote. Paa lizibwe na mifereji isafishwe kabla ya masika. Boriti iliyooza ibadilishwe moja moja, si dari nzima kwa siku moja. Ukuta wa chokaa upigwe lipu ya chokaa. Lipu ya saruji huufungia unyevu ndani, na baada ya miaka michache hubanduka pamoja na jiwe. Matangi mazito ya maji yasipandishwe juu ya dari ya mikoko. Nguzo ya mbao iliyoliwa na mchwa chini inaweza kukatwa sehemu mbovu na kuungwa kipande kipya kwa ulimi na tundu, kama ilivyofanywa zamani. Mafundi wa kazi hiyo bado wapo, na walio wengi si Wagujarati. Ni vijana wa Kiswahili waliofundishwa na wazee wao. Tukiacha kuwapa kazi, ujuzi huo utazikwa pamoja nao.

Na ikiwa fedha hazitoshi kuhifadhi vyote, mimi ningeomba tuanze na baraza. Nimeona maduka mengi yaliyokarabatiwa vizuri, yenye vioo na milango ya chuma, lakini baraza imevunjwa ili kuongeza nafasi ya bidhaa, au imezungushiwa wavu ili watu wasikae. Nyumba hiyo inaweza kubaki na nakshi zake zote, lakini imepoteza sababu ya kujengwa kwake. Otlo ndiyo sehemu pekee ya nyumba ambayo mwenyewe huilipia na jirani huitumia. Kwayo mfanyabiashara mgeni alijulikana mtaani, akakopesha na kukopeshwa, akapata habari za msiba na za harusi. Imani ya watu kwake ilijengwa hapo kabla ya mali yake.

Hekalu letu nalo lina ngazi pana mbele yake, na kila jioni hukaa hapo watu ambao si waumini: dereva anayengoja, mama anayepumzisha mtoto, mzee anayesoma gazeti. Ninaiomba kamati inayokuja, katika mipango yoyote ya upanuzi, isiziguse ngazi hizo ila kuzitengeneza. Ninaziomba pia familia zinazomiliki au kupanga nyumba za zamani zituletee picha, ramani na kumbukumbu za majengo yao, tuziweke pamoja katika maktaba ya hekalu, hata kwa zile nyumba ambazo hatutaweza kuziokoa.

 Labh na Shubh viwe milangoni mwenu nyote. Jai Shri Krishna.